Ada ya Kuhamisha Bunduki ya Marehemu

Jumatatu, 3 Machi

Nimechuma chai hadi saa nne, nikaipeleka kituo cha kununulia chai Ikonge, kisha nikaenda Kisii mjini. Bunduki ya marehemu mume wangu iko polisi tangu mazishi. Nataka iandikwe jina langu. Tumbili wanamaliza ndizi. Uhamisho hushughulikiwa na Harish, mwenye duka la bunduki. Akauliza naitakia nini. Nikamweleza tumbili. Nikamweleza pia shemeji yangu Mokua anayeng'oa mikonge iliyopandwa kuonyesha mpaka wa shamba, na kwamba akiona mtutu atashika adabu. Nikacheka. Yeye hakucheka. Kisha akataja ada. Nusura nikae sakafuni.

Alhamisi, 6 Machi

Mwalimu Nyakundi wa Keumbu alirithi bunduki ya babake mwaka jana. Duka lilelile, aina ileile ya bunduki. Alilipa theluthi ya niliyotajiwa! Kwa nini? Ni ujane? Ni viatu vyangu vya matope? Ugali umeungua nikiwaza hilo tu.

Jumanne, 11 Machi

Nimerudi dukani, nikauliza bila kuzunguka. Harish ni mpole, alinieleza kama anayefundisha. Kumbe thamani ya bunduki haimo kabisa kwenye ada. Anahesabu siku itakazokaa katika stoo yake ya chuma, safari za kufuata kibali Nairobi, na jina lake linaloandikwa katika kitabu cha uhamisho, maana likitokea jambo yeye ndiye wa kwanza kuitwa. Nimependa kujua. Lakini hayo yote ni sawa kwangu na kwa Mwalimu.

"Sasa mimi niko na nini?"

Akafunga kitabu. "Mama Kerubo, mtu nikiogopa kumpa bunduki, simfukuzi. Naongeza tu bei mpaka aende mwenyewe."

Nimekasirika hadi sasa. Mimi, shemasi wa kanisa! Nitakopa kwa chama chetu cha akiba nilipe yote. Tuone atasema nini.

Ijumaa, 14 Machi

Mokua amevuka mpaka, amelima hadi ndani ya ndizi zangu. Mistari mitatu. Nilimwona nikiwa jikoni. Nilikwenda moja kwa moja chumbani, nikafungua kabati la chuma la marehemu, nikaingiza mkono.

Tupu. Hapo ndipo nilipokumbuka iko polisi.

Nikakaa kitandani. Niliogopa sana. Si Mokua niliyemwogopa.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua tangu asubuhi. Nimepita kwa chifu kuandikisha shauri la mpaka. Atatusikiliza Alhamisi, mimi na Mokua, pamoja na wazee wawili. Baadaye kituo cha polisi. Nimesaini kwamba bunduki naiachia serikali, hakuna mtu wa nyumba yetu atakayeidai. Fomu yenyewe ni ukurasa mmoja, na haina ada. Askari aliyeipokea alinionea huruma. Akauliza kama ni bei ya duka iliyonishinda.

Nikamwambia ndiyo.