Mama Anadhani Ni Mimi Niliyekuwa Namjibu

Shangazi wa ukurasa huu, shikamoo. Nakuandikia mshangao ukiwa bado haujanitoka, na sijui kama ninachohitaji ni ushauri au kofi, wewe utaamua.

Mimi ni fundi wa lifti, huu ni mwaka wa tisa naishi ughaibuni na mke wangu, anayefua mashuka ya hospitali, na binti yetu wa miaka minane tunayemwita Kadogo, na tangu aanze kutamka maneno nilipiga marufuku Kiswahili ndani ya nyumba, nikasema lugha ya darasani kwanza, mtoto asije akaachwa nyuma na wenzake, mke wangu akanitazama tu, akasema, "Sawa, baba mwenye nyumba."

Sasa mama yangu huko nyumbani kuandika kunamshinda, hutuma ujumbe wa sauti, na Shangazi, mama akianza haishi, dakika saba, dakika kumi, anaanza na goti linalomuuma anamalizia na ndoto aliyoota, mimi uvumilivu ukanishinda, nikanunua simu mpya yenye namba ya huku, ile ya zamani nikaitupa kwenye droo ya kabati la viatu bila kuizima wala kuitoa kwenye intaneti ya nyumba, mama sikumwambia, nikawa nampigia siku za sikukuu tu, kwa simu ya mke wangu, na kujifariji kwamba kazi ni nyingi.

Mwezi uliopita ikafika sikukuu. Huku ilikuwa siku ya kazi kama nyingine, nikaomba ruhusa nikarudi saa nane mchana, tukavaa nguo mpya wote watatu, tukaegemeza simu kwenye kopo la sukari, tukapiga. Upande wa pili ukoo mzima umejazana, mama katikati, na kabla sijamaliza kumwamkia akawageukia wenzake. "Mnamwona huyu? Nyie mko hapahapa na hamnisikilizi. Huyu yuko mbali, lakini sijawahi kumtumia neno asinijibu. Hunitumia moyo. Kila siku, moyo mwekundu!"

Nikacheka kijinga. Moyo gani? Nikadhani ni uzee unamchezea.

Hapo Kadogo akasogea mbele ya simu, akakohoa kidogo, vilevile mama anavyokohoa akitaka kusema jambo zito. "Shikamoo Bibi. Goti la kushoto limeamkaje? Na yule mbuzi mkaidi, bado anatafuna nguo za jirani?"

Shangazi, kelele zote kule zikakatika kama redio iliyochomolewa. Hakikuwa Kiswahili cha kuokoteza, kilikuwa cha mama yangu mwenyewe, na mivuto yake, na vituo vyake, kana kwamba mama amepita ukutani akakaa ndani ya kile kifua kidogo. Kaka yangu akamuuliza nani kamfundisha, naye akajibu, "Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, baba mkubwa." Watu wakaangua kicheko, na mama akawa analia huku anacheka: "Mtoto huyu kanimeza mzimamzima!"

Tulipokata simu nikamuuliza. Akafungua mkoba wa shule akatoa ile simu yangu ya zamani. Aliiokota akiwa na miaka mitano, akitafuta viatu, akaibonyeza akasikia mtu anaongea ndani yake. Hakuelewa kitu. Ndipo akawa anaichaji na kumuuliza mama yake neno mojamoja anaposukwa nywele, miaka mitatu mizima, na ile mioyo alikuwa anaituma yeye.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Bibi alikuwa anaongea peke yake," akasema. "Nikaona si adabu."

Nikamgeukia mke wangu: mbona hukuniambia? Akasema, "Nilikuwa nangoja uulize simu yako iko wapi."

Nimeweza kusikiliza ujumbe mmoja tu. Mama ananiambia, "Mwanangu, hizo lifti usivute watu peke yako, kamba itakukata mikono, mwite mwenzio mvute wote." Miaka yote hiyo alidhani navuta kamba, na mimi sikuwahi kumweleza. Nilikaa chini palepale mbele ya kabati.

Zimebaki jumbe zaidi ya elfu. Je, nimwambie mama ukweli, naye ameshanisifu mbele ya ukoo? Kadogo ananisihi, "Usimwambie, ataumia." Nifanyeje, Shangazi?

Fundi Lifti


Marahaba, Fundi. Kofi ninalo, subiri kwanza.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Mtoto wa miaka mitano anasikia sauti ya mzee kwenye droo ya viatu, haelewi hata neno, na anaona si adabu kumwacha aongee peke yake! Hilo wewe hukumfundisha. Nimekaa kwenye ukurasa huu miaka mingi na sijui limetoka wapi. Nimelivulia kilemba.

Sasa wewe. Uliitupa simu ukamtupa na mama aliyemo, halafu ukapokea sifa zisizo zako na kucheka. Usinitajie kazi. Mkeo anasimama kwenye mashuka kutwa na bado alipata nafasi ya kumfafanulia mtoto maneno ya mama yako.

Utamwambia ukweli. Si mbele ya ukoo, wewe na yeye tu. Siri hii umemwachia mtoto aibebe, nayo ni nzito kuliko mkoba wake. Mama ataumia, ndiyo, lakini atajua kwamba mjukuu aliyedhani amepotelea kwenye lugha za watu alikuwa naye kila siku. Tena usishangae ukikuta alishahisi. Mama aliyekuzaa hajui kwamba wewe si mtu wa kutuma mioyo?

Marufuku yako ya Kiswahili ivunje leo, mezani, kwa Kiswahili, na umwombe radhi mkeo. Simu usimnyang'anye Kadogo. Mwombe akukaribishe ukae naye, muanze na ujumbe wa kwanza kabisa, na usipoelewa jambo, umuulize yeye. Ukimpigia mama, taja kosa lako kwa sentensi mbili, usijipambe, kisha nyamaza umwache aseme.

Mpigie Jumapili hii. Usingoje sikukuu.

Shangazi