Hukulala Migombani, Dada

Dada Eliamani,

Sikuamkii. Tangu siku aliyozikwa mama sikukuamkia ukiwa hai, sembuse sasa. Nakuandikia kwa kuwa hapa nyumbani wote wamechoka kunisikiliza, na wewe leo huwezi kunikatiza. Barazani ulikuwa hodari wa kukatiza watu.

Wanakusifu mno. Mwanamke mweusi wa kwanza kukaa katika baraza la mji, katikati ya Wazungu na Wahindi. Umejenga vyoo sokoni, umeleta bomba la maji mtaa wa Ngarenaro. Haya, sawa. Mimi nakumbuka asubuhi ya mazishi ya mama. Kaburi limeshachimbwa migombani, kando ya baba, mchungaji ameshavaa joho, ukaingia na bwana afya na askari wawili. Ukasema mpaka wa mji umepandishwa hadi kwetu, na ndani ya mpaka hakuna kuzika nyumbani, kwa sababu mifereji inapita makaburini na watoto wa huko chini Ngarenaro wanakufa kwa kuhara. Sheria hiyo uliipigania mwenyewe. Nilikushika gauni, nikalia. Ukaniambia, "Ruthi, nikifumba macho kwa mama yangu, Ngarenaro nitawaambia nini?"

Mama akapelekwa makaburi ya mji, akalazwa na watu asiowajua. Sisi tukabaki na shimo. Wazee wakakata mgomba wakauzika humo, maana kaburi halifukiwi tupu. Baba amelala na mgomba, Dada. Mgomba!

Wiki iliyopita ukafa wewe, na wote wakageuka. Kaka Samweli akachimba migombani. Bwana shauri mwenyewe, Mzungu mkuu wa wilaya, akatoa ruhusa, eti kwa heshima ya kazi yako. Baba mdogo, ambaye siku ya mama alikulaani mbele ya watu, sasa ananibembeleza: "Mwache dada yako alale na baba yake." Nikamuuliza, na mama je, yeye aliokotwa barabarani? Nikashuka ndani ya kaburi lako na viatu vyangu vya kanisani, nikakaa. Nikawaambia kama ni hapa, watufukie wote wawili. Walinitukana. Samweli akaja kunivuta, nikamng'ata mkono. Mwisho wakachoka, wakakubeba kwenda mjini.

Sikufanya vile kwa ajili ya sheria yako. Nilifanya kwa hasira, na roho yangu ikatulia kabisa.

Kule makaburini akanijia mama mmoja wa Ngarenaro, ambaye uliwahi kumlazimisha naye amzike mwanawe pale. Akanishika mkono. "Tulikuwa tunangoja tuone mtamzika wapi. Mngemzika nyumbani, na sisi tungekuja kuwafukua wetu." Nilitamani kupiga kelele. Hata ukiwa ndani ya sanduku umenifanyisha kazi yako!

Sijakusamehe, na sijui kama nitaweza. Nikija kupalilia kwa mama, kwako nitapita tu. Ila nimewaapisha wanangu kwamba siku yangu ikifika wasinichimbie migombani, wanipeleke mjini. Usijisifu, namfuata mama. Wamekulaza safu moja naye, na nafasi iliyobaki ni moja, katikati yenu. Hiyo ni yangu, nakuahidi.

Kwaheri, Dada. Nitakuja kulala hapo, na nitakugeuzia mgongo.

Mdogo wako,
Ruthi