Papa na Wanawake Waliouawa Mangobo

Mama mupenzi,

Ninakusalimia sana kutoka huku Kisangani. Mimi niko na afya, ile homa iliisha. Na wewe, magoti yanaendelea namna gani na mvua hizi za Bafwasende? Ninaandika juu maneno haya sikuweza kuyasema kwa simu, watu wote wa nyumba wakisikiliza. Kwanza uyasome peke yako.

Unajua ninashona kwa Mama Feza, hapa Mangobo. Nilipougua alinipikia pondu na kunilaza kwake. Juma lililopita tulikuwa tunakata kitambaa, akaanza kunielezea habari ya dada yake mukubwa, Sifa. Kumbe ndiye alikuwa wa mwisho kati ya wale wanawake waliouawa nilipokuwa mutoto. Alisema watu walishuku wanaume watatu: mwenye pirogi ya kuvusha watu mutoni, askari mumoja, na mutu wa toleka aliyemubeba Sifa kwa baiskeli ile siku ya kuuawa kwake. Mwenye pirogi alikimbia, askari alihamishwa. Yule wa toleka alipigwa, akafungwa, halafu akaachiwa bila ushahidi.

Nilimwambia, "Mutu wa toleka ni papa yangu."

Alikaa chini. Nilifikiri atanifukuza. Akasema, "Papa yako alimufikisha nyumbani. Mimi ndiye nilimufungulia Sifa mulango."

Basi, Sifa aliingia kwao, akakula, akabadilisha nguo, kisha akatoka tena kwa miguu bila kusema anaenda wapi. Mama Feza mwenyewe alikuwa bado musichana mudogo wakati ule. Papa yao alimukataza kusema neno, aliona ni haya kwa familia kwamba binti alitoka hivyo jioni. Watu walipokuja kumukamata Papa, Feza aliwaangalia kwa dirisha. Nilimuuliza kwa nini hakusema hata alipokuwa mukubwa. Alisema alisikia tumehamia Bafwasende, akafikiri mambo yameisha.

Hayakuisha, Mama. Papa hakupanda baiskeli tena. Alichimba dhahabu na mugongo ule uliovunjwa, na magari ya Kisangani yakifika, anajificha. Ninajua hata wewe ulimuuliza mara moja kama ni yeye. Nilisikia. Alitoka tu inje.

Juzi Mama Feza alienda na mimi kwa chifu wa mutaa, akasema yote mbele ya wazee wanaokumbuka. Chifu aliandika. Aliyewaua wale wanawake hajulikani mupaka leo, na sioni kama atajulikana. Labda hata mwenye pirogi hakuwa na kosa. Mimi sitaki kumushuku mutu tena. Bado ninashona kwa Mama Feza, lakini tunaongea kidogo tu.

Iko jambo moja sikukuambia. Kabla Papa hajafa, aliniomba nimusindikize mutoni, sisi wawili, anioneshe mahali anapotega samaki. Nilimwambia kichwa kinaniuma. Hakikuniuma, Mama. Nilimuogopa. Yeye alitambua, akaenda peke yake, na hakuniomba kitu tena.

Unisalimie shangazi anayekuchotea maji, na wadogo zangu wote. Na tonton Saidi, ndugu ya Papa, ambaye hata siku moja hakumushuku: ukimaliza, umusomee yeye barua hii wa kwanza, kabla ya wengine wote.

Ni mimi binti yako,
Zaina