Kundi la Unga wa Ulezi

Chanji, Sumbawanga
9 Juni

Kwako Kaka Yusto,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi Mariana na watoto hamjambo huko Kirando, na dagaa wanakauka vizuri. Sisi huku wazima, ila baridi imeanza kutuonea. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu zetu hupokei.

Kaka, kundi langu la WhatsApp la wateja wa unga wa ulezi limenizeesha. Mume wangu Cleophas ndiye aliyenishawishi. Alisema siku hizi biashara ni simu, nikitangaza humo unga utatoka wenyewe. Nikawaingiza wateja, jumuiya nzima na ukoo wote, na wewe ukiwemo. Basi! Naposti bei, wananijibu Tumsifu Yesu Kristo. Naposti picha ya unga, Adolfu anauliza nani kamwona ndama wake. Kila asubuhi watu thelathini wanasalimiana mmoja mmoja, na kila aliyesalimiwa lazima arudishe. Mteja mmoja aliagiza kilo tano, nikaiona oda yake baada ya siku nne, imefukiwa chini ya salamu. Nilipowaomba waandike habari za unga tu, walinipongeza kwa ujumbe mzuri, wakaendelea.

Shangazi Monika ndiye alikuwa kiboko yao. Kuandika hawezi, kwa hiyo anatuma sauti ya dakika nne, na tatu na nusu ni za kuulizia hali ya kila mtu pamoja na mifugo yake. Nikachoka. Kwa kuwa msimamizi wa kundi ni mimi, nikaanza kufuta sauti zote kila alfajiri kabla sijafungua duka, zikawa zinapotea kwenye simu za watu wote. Sikuwa nasikiliza hata moja.

Kaka, siku aliyofariki Baba Mdogo Teodori, Shangazi alitangaza msiba humo kundini, kwa sauti. Nikaifuta. Mimi mwenyewe niliupata msiba kwa Cleophas, aliyeusikia sokoni, nikakimbilia msibani Chala nikiamini na wewe umeshapigiwa simu. Makaburini Shangazi akaniuliza mbona Yusto, aliyelelewa na marehemu kama mwanawe, hajaja wakati yeye katangaza mapema. Nikaelewa palepale.

Wiki tatu sasa nimenyamaza. Nasikia unawaambia watu kwamba Shangazi alikuficha makusudi, na kwamba hutakanyaga kwake maisha. Yeye anadhani simu yake ni mbovu, na analia kwamba kakunyima kumzika baba yako. Hakukunyima yeye. Nilikunyima mimi, kwa ajili ya unga ambao wala hawaununui. Naona aibu, Kaka. Nisamehe.

Misa ya arobaini inakaribia, na Shangazi amesema msalaba hauwekwi kaburini mpaka wewe ufike. Mimi nitukane utakavyo, nastahili. Ila mpigie yeye kwanza.

Cleophas anakusalimu sana, na watoto wanasema shikamoo mjomba. Wifi mfikishie salamu zangu, na umwambie yote haya, nisije nikayarudia kwa mdomo.

Ni mimi mdogo wako,
Rozina