Taa mpya za mwanangu

Shoga, usinipigie, nitalia. Soma tu.

Si unazijua zile taa mpya za barabarani alizofunga mwanangu, zenye kamera? Foleni ikizidi, magari zinayaongezea muda, sisi wa miguu zinatupunguzia. Leo zimenikamata katikati ya barabara na fimbo yangu. Honi kila upande! Dereva mmoja akachungulia dirishani: "Bibi, nikubebe?" Nikamjibu, "Nibebe, ila mgongoni."

Nikamaliza kuvuka huku nacheka. Ng'ambo kasimama nani? Mwanangu mwenyewe, na wakubwa zake waliokuja kukagua hizo taa.

Mkubwa mmoja akanipa pole, kisha akamuuliza, "Huyu bibi unamfahamu?"

Shoga, akanitazama. Akavitazama na hivi viatu vyangu vilivyolika visigino.

Akasema, "Hapana. Ni mpita njia tu."

Mpita njia! Mimi! Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na leo mzazi kawa mpita njia!

Halafu akanigeukia: "Pole sana mama, tutawaongezea muda." Kwa sauti ile ya kuwasemesha wateja.

Unaujua mdomo wangu, ningemuumbua palepale. Ila macho yake yalikuwa yananiomba, yale yale ya utotoni akishavunja kitu. Nikameza. Nikampa mkono kama mgeni, nikamwambia, "Asante, bwana mhandisi. Msalimie mama yako."

"Zitafika," akasema.

Shoga, salamu hizo nimezibeba mwenyewe mpaka nyumbani.