Maziwa ya Mama Mkwe Kabla ya Upasuaji

Mjukuu wangu Nkwimba,

Marahaba. Huku Segese tu wazima, mahindi yamebeba. Anayeniandikia ni mdogo wako Minza, nimemkataza kulainisha maneno yangu.

Unauliza kama ni utovu wa adabu kumkatalia mama mkwe anayetaka mwanao anywe uji kabla ya upasuaji. Mwaka tuliohamishiwa kijijini, tulimpeleka baba yako Shinyanga kupasuliwa ngiri, mdogo bado. Nesi alisema asile, maana akilazwa kwa dawa ya usingizi, chakula hupanda kooni kikamziba pumzi. Mama mkwe wangu akamnywesha maziwa mgando kwa siri.

"Funga mdomo, Mama Masanja," akaninong'oneza. "Mjukuu wangu hashindi njaa na zizi limejaa."

Kwetu mkwe hasemwi mbele za watu. Mimi nikamwambia daktari, "Amekunywa maziwa. Bibi yake kampa."

Upasuaji ukaahirishwa. Mkwe akaniita mchawi pale pale barazani. Hajamaliza, baba yako akayatapika yote kwenye kitenge changu, akakohoa mpaka machozi. Alikohoa kwa sababu alikuwa macho.

Basi kataa, mama. Mkweo akinuna, anune. Kununa hakujaua mtoto.

Bibi yako