Mbele ya Buko, Jiwe Haikuchemka

Siku ya kwanza, 1 septemba

Maji, kufagia, mboga ya sombe ku moto, kisha mawe. Kila asubuhi vile vile. Mama anasema nyumba imekuwa mugodi. Mawe chini ya kitanda, mawe ku dirisha, moja ndani ya kiatu ya Yaya Didier, kaka yangu mukubwa. Leo aliikanyaga. "Séra, we mutoto, utaniua miguu!" Nilicheka mpaka machozi.

Dosie yangu ya kuomba nafasi iko ku univ ingine tangu wiki iliyopita. Sasa ni kungoja tu. Univ ya private, njia ya kwenda Luano, ku uwanja ya ndege. Nafasi tatu tu kwa banafunzi benye kutoka pahali pengine na kuingia mwaka ya pili ya jeolojia. Tatu! Na kwa bale batatu, univ yenyewe njo inalipa masomo. Bantu mingi banaitaka. Mi nataka kubapita bote.

Juu ya nini? Juu ku univ yenye niko sasa, mwaka muzima sikugusa jiwe moja ya labo. Tunaangaliaka picha. Tuko bengi, mwalimu iko mbali, asidi iliisha zamani. Jeolojia ya picha! Mi nataka kushika. Kupima. Kulamba kama inafaa.

Baba hapendi. Alifanya kazi ku gari ya moshi maisha yake yote, na baba yake vile vile. Anasema: "Muntu hashukake ku gari yenye kutembea." Maneno yake. Nilikunja uso, sikubishana.

Siku ya tatu, 3 septemba

BALIPIGA SIMU!

Nimeitwa ku univ kujibu maswali. Siku ya tano, tarehe 12. Mbele ya juri, na mawe mezani. Mawe ya kweli.

Nilipiga kelele mpaka kuku ya jirani zikakimbia. Mama alitoka na mwiko mukononi, akafikiri nyoka. Nilimuambia. Akapiga vigelegele, mwiko juu, mboga ikaungua. Tulikula vile vile, imeungua. Tamu sana.

Baba alisema: "Bon." Ni hiyo tu. Lakini hakusema hapana.

Siku ya posho, 6 septemba

Leo famili yote tulienda mutaa ya Bel-Air, kwa bazazi ya Nadège. Yaya Didier anataka kumuoa. Bao ni bantu ya Kasenga, sisi ni bantu ya kaskazini, kwa hiyo heshima ilikuwa mara mbili. Hakuna muntu ya kwao anaongea na muntu ya kwetu uso kwa uso. Maneno yote inapita kwa muntu ya katikati. Banamuita shibukombe.

Baba anasema: "Shibukombe, ubaambie tumefika." Bao bako pale mbele yake, banasikia! Shibukombe anageuka: "Banasema bamefika." Bao: "Ubaambie tumebaona." Anageuka tena: "Banasema bamewaona." Nilijiuma midomo nisicheke.

Mukubwa yao ni mujomba ya Nadège. Muzee ya miwani, sauti ndogo. Mi njo nilimupelekea maji. Magoti chini, macho chini, makofi polepole. Sasa iko buko yetu, mukwe, na buko haumuangalie mu macho. Haumubishie. Hata akisema mbuzi iko kuku, unasema ndiyo Papa, kuku muzuri.

Kisha, jikoni, Nadège akaninong'oneza: mujomba iko profesa ya jeolojia. Kule. Kule kule naomba nafasi! Na yee njo anakaaka mu juri.

Sahani ilitaka kuniponyoka.

Siku ya Mungu, 7 septemba

Kisha ya misa, kikao mu salon. Baba anasema nisiende. Ndoa iko karibu. Nikienda mbele ya buko na nikimubishia neno moja, heshima ya famili imekwisha. Yaya Didier iko anacheka: "Wapi! Uko na bahati, buko atakupitisha." Hii iliniuma zaidi kuliko maneno ya Baba. Sitaki kupitishwa. Nataka kupita.

Mama njo aliokoa. "Aende. Lakini kila neno buko atasema, ajibu ndiyo Papa." Baba akakubali. Mi nikasema ndiyo Baba.

Niko na hasira mpaka kichwa inauma. Juri haiko kikao ya ndoa! Mule banataka muntu mwenye kujibu. Mi nitaenda kuwa sanamu ya heshima, bengine batajibu, bataingia.

Siku ya tatu, 10 septemba

Joto. Vumbi. Nimepima mawe yote tena, ya rangi ya majani, ya nyeusi, ya kahawia. Kucha zangu ziko kama za makanika. Mama amepiga pasi blauzi nyeupe, kisha akaipiga tena. Woga na furaha inapigana. Furaha njo inashinda kidogo.

Siku ya tano, 12 septemba

Niandike mbio, nisisahau kitu.

Juri ilikuwa bantu batatu. Mama Profesa, mukubwa ya juri. Asistanti kijana na kalamu yake. Na buko. Meza moja, mawe, kigae cheupe, chupa ndogo ya asidi. Asidi! Nilitaka kuibusu.

Nilianza vizuri. Vizuri sana! Jiwe ya nyeusi: nikaisugua ku kigae, mustari ikatoka nyekundu. Ematiti, jiwe ya chuma. Nikaeleza juu ya nini. Moto ilinishika, maneno ilikuwa inakuja yenyewe, Mama Profesa alikuwa anaitikia na kichwa. Mi nilikuwa naongea na meza, macho chini.

Kisha jiwe ya rangi ya majani. Buko mwenyewe akabeba chupa. Tone moja juu ya jiwe. Tukangoja. Hakuna povu. Malakiti inachemkaka na asidi, kila mwanafunzi ya mawe anajua. Hii ilinyamaza. Na buko akasema, na ile sauti yake ndogo: "Malakiti, haiko vile?"

Na mi nikasema: "Ndiyo, Papa."

Mungu wangu! Kinywa ilijisemea yenyewe. Hata magoti ilikuwa tayari inainama. Asistanti akaandika. Mama Profesa akasema asante, unaweza kwenda.

Nilifika ku mulango. Nikashika kitasa. Nikajiambia: Séra, ukitoka hivi, utaangalia picha ya mawe maisha yote. Hasira ikapanda, ikanigeuza muzima muzima. Lakini kumuambia buko hapana, uso kwa uso, mbele ya bantu? Ulimi ilikataa kabisa. Mama yangu, ulimi ilikuwa nzito!

Njo nikamuangalia Mama Profesa. Nikapiga magoti pale pale mulangoni, nikapiga makofi.

"Mama, nakuomba, ukuwe shibukombe. Umuambie Papa: jiwe haikuchemka."

Kalamu ya asistanti ilisimama. Mama Profesa akaniangalia, akamuangalia buko, akaniangalia tena. Nikaona ameelewa. Akageuka, na sura ngumu ya kikao kabisa:

"Papa, mutoto anasema jiwe haikuchemka."

Buko hakuniangalia. Alimuangalia yeye. "Umuulize: kama haiko malakiti, ni nini?"

"Anauliza ni nini."

"Umuambie naomba ruhusa ya kulamba."

"Anaomba kulamba."

"Alambe."

Nikarudi mezani. Nikalamba upande ya chini, kule asidi haikufika, siko mujinga. Jiwe ikanata ku ulimi. Niliijua! Niliijua tangu mwanzo!

"Umuambie ni krizokole. Inanataka ku ulimi, na haichemke. Umuambie pia nilisema ndiyo juu ya heshima yake, haikuwa juu ya jiwe."

Mama Profesa akarudilia yote, neno kwa neno. Asistanti alishikwa na kikohozi, lakini kikohozi haitikisake mabega vile. Buko akatoa miwani, akaipanguza na shati. Akasema: "Umuambie tumesikia."

Tumesikia! Hiyo ni muzuri ao mubaya? Nilitoka nje, jua kali, magoti yenye vumbi, na nikaanza kucheka peke yangu kama mwenda wazimu. Muntu ya getini akaniuliza kama niko muzima. Niko muzima, Papa. Muzima sana.

Siku ya posho, 13 septemba

Nilimuambia Baba yote. Sikuficha kitu.

Alisimama. Akatoka nje ya parsele, kiwanja yetu, akazunguka, akarudi. "Ulimupinga buko mbele ya bantu." Nikasema haikuwa uso kwa uso, nilipitisha kwa shibukombe. "Shibukombe gani? Mwanamuke hatumujue!" Hakula. Akikosa kula, nyumba yote inakosa chumvi.

Na mubaya zaidi: Nadège hajibu simu ya Yaya Didier tangu jana. Yaya hanisemeshe. Anapita karibu yangu kama anapita karibu ya ukuta. Kama nimeharibu ndoa yake? Nililia mu jikoni, Mama akanipanguza na kitenge yake.

Naandika ukweli juu hakuna mwenye kusoma: chini ya machozi, niko na furaha. Nilisema jina ya jiwe. Niliisema. Nina haya ya kufurahi wakati kaka yangu anaumia, lakini furaha haiombe ruhusa.

Siku ya pili, 16 septemba

Nadège amejibu! Ku Bel-Air umeme ilikatika tangu siku ya tano, simu yake ilikufa. Ni hiyo tu. Yaya Didier aliruka, akagonga kichwa ku mulango, akaja kuniomba musamaha na mikate ya mafuta ndani ya karatasi. Nikakula yote mbele yake, polepole, aone.

Nikamuuliza kama Nadège alisema kitu juu ya mujomba. Anasema mujomba hasemake kazi yake nyumbani.

Univ haijapiga. Nalala na simu mu mukono.

Siku ya ine, 18 septemba

NILIPITA. Nilipita nilipita nilipita.

Nilikuwa natwanga sombe. Simu ikalia juu ya kiti. Mama Profesa mwenyewe. Alianza hivi: "Ni shibukombe anaongea." Nikajua tayari! Mutwangio ilianguka, ikaponda kidole yangu ya muguu, na sikusikia maumivu mpaka sasa. Sasa nasikia.

Alinieleza. Asubuhi ya juri, mbele ya mi kuingia, buko alibaambia: huyu binti iko wa famili yenye kuoa kwetu, mi siandike alama yake. Alama ilitoka kwa Mama Profesa na asistanti peke yao. Na ile uongo ya malakiti? Anaisemaka kwa kila muntu! Anataka kuona nani anaamini macho yake. "Karibu bote banasema ndiyo," aliniambia, "na bale hata haiko bakwe yake." Nilicheka, nikalia, nikamuambia asante mpaka akakata simu.

Mama na vigelegele vyake. Majirani. Yaya Didier alinibeba ku mabega, mukubwa vile niko, tukazunguka parsele.

Baba alibakia ku kiti. Kisha akauliza: "Alama haikutoka kwa buko?"

"Haikutoka, Baba."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Akavaa kofia. Akachukua kuku mweupe, yule muzuri, na akaenda Bel-Air kutengeneza mambo, juu kosa ao hapana kosa, desturi ni desturi. Alirudi jioni bila kuku. Tulikuwa tunamungoja bote mulangoni kama batoto. Akatoa kofia. Akasema, na macho ku ukuta: "Balipokea kuku. Buko anasema hakuna kosa. Anasema asante kwa mutoto."

Akaomba maji. Mi njo nilimupelekea.

Siku ya kwanza, 6 oktoba

Masomo imeanza leo. Jakaranda zimeanguka zambarau njiani, bantu banazikanyaga.

Sikulala mingi. Mama aliamka mbele yangu. Baba alikuwa amevaa tayari, viatu vimepigwa rangi. Sikumuomba. Alichukua mufuko yangu, akasema twende, tukaenda kwa miguu. Kulikuwa na baridi kidogo bado.

Tulifika pale njia inaachana. Baba akashika njia ya mukono ya kushoto. "Huku njo karibu."

"Hapana, Baba. Kule banachimba, hakupitike. Tupite huku."

Niliposikia sauti yangu, nilisimama. Hapana, kwa Baba. Mara ya kwanza tangu nilizaliwa. Yee alikuwa mbele kidogo, mugongo kwangu. Hakugeuka mbio. Muntu ya baiskeli alipita katikati yetu, akasalimia, Baba akamujibu.

Kisha akahamisha mufuko yangu ku bega ingine, akarudi nyuma mpaka pale nilikuwa.

"Bon," akasema. "Pita mbele, unionyeshe."

Nikapita mbele. Baba akanifuata.